JEMADARI WA PICHANI NA JEMADARI WA KAMBINI: FUNDISHO LA KONGWA

Katika historia ya mataifa mengi wamekuwapo viongozi walioanza na bunduki wakaishia kwenye kiti cha utawala. Watu hao huhifadhiwa katika kumbukumbu kwa njia nyingi. Njia iliyopendwa sana na matabaka ya watawala wa Ulaya ilikuwa picha iliyochorwa kwa rangi za mafuta, ikatiwa fremu ya dhahabu na kutundikwa mahali ambapo kila aingiaye ataiona kabla hajamwona mwenye nyumba.

Makala haya yanaichambua picha moja ya aina hiyo, kisha yanailinganisha na mahali pamoja katika Mkoa wa Dodoma ambapo nako walipikwa askari waliokuja kuongoza nchi zao. Hatukusudii kuwafundisha makada uchoraji. Tunakusudia kujibu swali la itikadi: jemadari hutoka wapi, na akishashika madaraka humtumikia nani?

1. Picha yenyewe

Picha tunayoizungumzia ni ya Arthur Wellesley, ambaye dunia inamjua kwa jina la Duke wa Wellington. Ilichorwa na Mhispania Francisco de Goya kuanzia mwezi Agosti 1812, Wellington alipoingia Madrid baada ya kuyashinda majeshi ya Ufaransa pale Salamanca. Ni picha ndogo, iliyochorwa juu ya ubao wa mahogani. Inaonyesha kichwa na kifua cha mtu aliyevaa koti jekundu la kijeshi, na kifua hicho kimejaa nishani.

Nishani hizo zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hazikuchorwa zote siku moja. Kila Wellington alipotunukiwa heshima mpya, picha iliyokwisha kukamilika ilirekebishwa ili heshima hiyo iingizwe. Kwa hiyo picha si kioo kinachotoa sura ya mtu kama alivyokuwa siku fulani. Picha ya mtawala ni taarifa ya madaraka yake, na taarifa hiyo hupigwa msasa kadiri madaraka yanavyokua.

2. Yasiyoonekana pichani

Mchambuzi wa kimapinduzi haridhiki na kilichochorwa. Huuliza pia kilichoachwa nje.

Kwanza, picha haionyeshi tabaka. Wellington alizaliwa mwaka 1769 katika ukoo wa makabaila wenye ardhi huko Ireland. Katika jeshi la Uingereza la siku hizo vyeo viliuzwa na kununuliwa kama bidhaa sokoni, naye kwa fedha na msaada wa ndugu zake alipanda mpaka akawa Luteni Kanali mwaka 1793, akiwa na umri wa miaka 24. Mtoto wa mkulima, hata angekuwa shujaa namna gani, asingeweza kuipanda ngazi hiyo.

Pili, picha haionyeshi makoloni. Ujemadari wa Wellington ulianzia India, wakati kaka yake alipokuwa Gavana Mkuu wa huko. Katika vita vya Assaye mwaka 1803 wengi wa askari wake walikuwa Wahindi, waliotumiwa kuwatiisha Wahindi wenzao. Sisi tuliotawaliwa tunaijua mbinu hiyo, kwani Wajerumani na Waingereza waliitumia hapa kwetu kwa askari Waafrika.

Tatu, picha haionyeshi umma wa Hispania. Ushindi wa Wellington ulisaidiwa sana na wakulima na mafundi wa Kihispania ambao, baada ya majeshi ya mfalme wao kusambaratika, walichukua silaha wakawavizia Wafaransa milimani na barabarani. Ni katika vita hivyo ndipo neno la Kihispania lenye maana ya vita vidogo, yaani guerrilla, lilipoenea duniani. Neno ambalo baadaye walipewa wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Zimbabwe lilizaliwa miongoni mwa wakulima wasio na nishani.

Goya aliyajua hayo. Katika miaka ile ile aliyomchora jemadari, alikuwa akichonga kwenye mabamba ya shaba michoro ya mateso ya vita: watu wanaopigwa risasi, wanawake wanaojitetea kwa mawe na mikuki, maiti za wenye njaa. Picha ya jemadari ilikuwa ya kuonyeshwa. Michoro ya umma ilibaki kabatini, ikachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1863, miaka 35 baada ya mchoraji kufariki. Mkono ulikuwa mmoja, lakini kazi moja ilikuwa na mnunuzi na nyingine ilimtisha mnunuzi.

3. Jemadari akishika nchi

Wellington alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1828 hadi 1830. Haki lazima isemwe: mwaka 1829 serikali yake ilipitisha sheria iliyowaruhusu Wakatoliki kuingia Bungeni, baada ya shinikizo kubwa la umma wa Ireland. Lakini Waingereza wa kawaida walipodai kupanuliwa kwa haki ya kupiga kura, alitangaza Bungeni mwezi Novemba 1830 kwamba mfumo uliokuwapo haukuhitaji marekebisho. Serikali yake ilianguka mwezi huo huo. Mwaka 1831 wananchi wa London waliyavunja kwa mawe madirisha ya nyumba ya shujaa wao, naye akayawekea vizuizi vya chuma.

Hapa pana fundisho. Ushindi wa vitani haumbadilishi mtu tabaka. Aliyepigana kulinda mali ya wachache, akipewa nchi, ataendelea kuilinda mali hiyo, tofauti ikiwa tu kwamba sasa atatumia sheria.

Historia ya picha hiyo ilikuwa na kejeli nyingine. Mwaka 1961 iliuzwa mnadani London kwa pauni 140,000 kwa tajiri wa mafuta wa Kimarekani. Ili isitoke nchini, fedha za mfuko wa tajiri mmoja na za serikali zilichangwa ikanunuliwa kwa bei ile ile na kuwekwa katika National Gallery. Hizo zilikuwa shilingi 2,800,000 za wakati huo, katika mwaka ambao Tanganyika ilipata Uhuru. Kabla ya mwezi kwisha, tarehe 21 Agosti 1961, picha iliibiwa. Barua zilizofuata zilidai fedha za kuwalipia wazee maskini ada ya televisheni. Picha ilirudishwa mwaka 1965, na dereva wa zamani wa basi aliyejitokeza, Kempton Bunton, alifungwa miezi mitatu kwa kosa la fremu peke yake, maana fremu haikupatikana. Hatusifu wizi. Tunaonyesha tu kwamba swali la wazee wale, kuhusu nchi inayopata fedha za kununulia sura ya jemadari huku wastaafu wake wakihesabu senti, halikujibiwa na hukumu ya mahakama.

4. Kongwa ya karanga

Sasa tuje nyumbani. Kongwa iko mashariki mwa mji wa Dodoma, mwendo usiofika kilomita mia moja. Ni nchi ya mibuyu, vichaka vya miiba na udongo mwekundu ambao kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Mvua ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na si za kutegemewa. Wagogo, kwa uzoefu wa vizazi vingi, walishika mifugo, uwele na mtama kwa sababu walijua nchi yao inakubali nini.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliichagua Kongwa iwe kituo cha kwanza cha mradi mkubwa wa karanga, pamoja na Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Mwishoni mwa mwaka huo uongozi wa mradi huko Kongwa ulikabidhiwa kwa Meja Jenerali Desmond Harrison, na kazi ikaendeshwa kwa mtindo wa kambi ya jeshi. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta.

Lakini udongo haupokei amri, wala mvua haipigi saluti. Majembe ya matrekta yalivunjika, karanga zikakauka zikiwa zimeng'ang'aniwa na ardhi ngumu. Mwezi Januari 1951 serikali iliuacha mradi na kufuta pauni milioni 36, fedha ambazo zingenunua picha kama ile ya Wellington zaidi ya mara 250. Wenyeji hawakuulizwa kabla ya mradi kuanza, na hawakuombwa radhi ulipokufa. Huo ndio uamrishaji usio na siasa: una mashine, una fedha, una jenerali, lakini hauna watu.

5. Kongwa ya wapigania uhuru

Mwaka 1964 ulikuwa mwaka wa mtihani kwa nchi yetu. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles, jeshi tulilorithi kwa mkoloni, waliasi. Serikali ililivunja jeshi hilo, na tarehe 1 Septemba likazaliwa Jeshi la Wananchi. Katika mwaka huo huo Kongwa ilifunguliwa kuwa kambi ya wapigania uhuru, chini ya mpango wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam. Waliishi hapo, kila chama na eneo lake, wapiganaji wa FRELIMO, SWAPO, ANC, ZAPU na MPLA. Majengo yaliyoachwa na mradi wa karanga yakapata wenyeji wapya. Nachingwea nako, kituo kingine cha karanga, kukawa chuo kikuu cha vita cha FRELIMO.

Miongoni mwa waliopita Kongwa alikuwamo Samora Machel, mtoto wa wakulima wa Gaza na muuguzi kwa kazi, aliyetoroka Msumbiji mwaka 1963, akapata mafunzo ya kijeshi Algeria, kisha akapewa jukumu la kuongoza mafunzo ya FRELIMO kambini hapo. Cheo chake hakikununuliwa. Aliongoza jeshi la FRELIMO baada ya kifo cha Filipe Magaia mwaka 1966, akawa Rais wa chama mwaka 1970 na Rais wa Msumbiji huru tarehe 25 Juni 1975. Alikuwamo pia Chris Hani wa Afrika Kusini, aliyeuawa mwezi Aprili 1993, mwaka mmoja kabla ya wananchi wake kupiga kura iliyoung'oa ubaguzi.

Tusiichore Kongwa kwa rangi za mafuta. Maisha yalikuwa magumu. Wapiganaji wa vyama ambavyo njia za kurudi kwao zilikuwa zimefungwa walikaa miaka wakisubiri, na kusubiri kulizaa manung'uniko, ugomvi na hata utoro. Wapo waliooa na kuzaa hapo, na wapo waliozikwa hapo bila kuiona nchi yao ikiwa huru. Wala Samora mwenyewe hakuwa malaika. Kampeni ya mwaka 1983 ya kuwaondoa mijini kwa nguvu watu wasio na kazi na kuwapeleka Niassa iliwaumiza wananchi wengi. Alipofariki katika ajali ya ndege huko Mbuzini tarehe 19 Oktoba 1986, nchi yake ilikuwa inaungua kwa vita vilivyochochewa na makaburu, lakini pia ilikuwa na makosa yake ya ndani.

Tofauti yake na Wellington, basi, haiko katika kukosea au kutokosea. Iko katika asili na mwelekeo. Mmoja alitoka katika tabaka la wanyonyaji na akalitumikia mpaka mwisho. Mwingine alitokana na wavuja jasho, akafunzwa katika chama kilichosema kwamba bunduki lazima iongozwe na siasa. Kwa sababu hiyo makosa ya Samora tunaweza kuyapima kwa kipimo alichokitangaza yeye mwenyewe, yaani maslahi ya wafanyakazi na wakulima. Kiongozi anayejiwekea kipimo hicho huwapa wananchi haki ya kumhukumu.

6. Kazi iliyo mbele yetu

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa baada ya jenerali mmoja kuipindua serikali ya Uganda, ulimtaka kiongozi asiwe na majivuno, ubadhirifu wala uonevu. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, wanajeshi wetu hawaruhusiwi kuwa wanachama wa chama chochote. Taratibu zimebadilika, lakini msingi haujabadilika: mwenye silaha ni mtumishi wa wananchi, na mwenye madaraka ni vivyo hivyo.

Katika ofisi nyingi kuna picha ya kiongozi ukutani. Si kosa. Kosa ni pale picha inapofanya kazi ambayo kiongozi wa ofisi hiyo ameacha kuifanya: inasikiliza malalamiko, inahudhuria vikao, inakaa pale mwananchi anapozungushwa.

Kwa hiyo kila kada na mwanafunzi anayeitazama picha ya mtu mkubwa ajizoeze kuuliza maswali matatu. Alitoka tabaka gani? Nani walimbeba hata akafika hapo? Alipofika, walipata nini? Na kwa wale walio Dodoma kazi iko karibu. Wazee wa Kongwa waliokuwa majirani wa kambi wanapungua mwaka hadi mwaka. Wanajua nani aliyeuza maziwa kambini, nani aliyeonyesha kisima, nani aliyetunza mtoto wa mpiganaji aliyekwenda vitani na hakurudi. Vijana waende na madaftari, wakae nao, waandike majina hayo. Michoro ya Goya juu ya umma ilikaa kabatini nusu karne. Sisi hatuna sababu ya kungoja kiasi hicho.