Eko ya Moyo: Juu ya Kifua au Kupitia Kooni?

Wagonjwa wengi wa moyo hushtuka pale wanapomaliza kipimo cha eko, kisha daktari akataka kirudiwe kwa njia ya kooni. Wapo wanaodhani cha kwanza kilikosewa, na wapo wanaoogopa wasirudi tena hospitali. Ni vyema tukaelewa tofauti, kwani uamuzi wa kupasuliwa au kuendelea na dawa mara nyingi hutegemea majibu haya.

Moyo una vali nne, mfano wa milango inayofunguka upande mmoja tu. Vali ikibana, damu hupita kwa shida. Isipofunga sawasawa, damu hurudi nyuma. Katika nchi zetu, vijana wengi huharibika vali kwa homa ya rumatiki, inayofuatia maambukizi ya koo utotoni.

Eko ya juu ya kifua

Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, hupakwa jeli, na kifaa kikapitishwa kifuani. Hakuna maumivu wala mionzi, bali mawimbi ya sauti tu. Mashine huonesha vali zikicheza na hupima kasi ya damu. Kwa mfano, damu ikipita kwenye vali ya aota kwa mita 4 kwa sekunde au zaidi, vali hiyo huhesabiwa kuwa imebana sana. Hiki ndicho kipimo cha kuanzia, na wengi huwatosha.

Udhaifu wake ni kwamba mbavu, mapafu na mafuta huzuia mawimbi. Vali ya bandia ya chuma nayo hutupa kivuli kinachoficha kilicho nyuma yake.

Eko ya kupitia kooni

Umio hupita nyuma ya moyo, karibu kabisa na chumba cha juu cha kushoto. Kifaa chembamba kikishushwa humo, picha huwa safi zaidi. Huonekana vizuri vali ya mitrali, vijinyama vya maambukizi, damu iliyoganda na uvujaji wa vali ya bandia. Hata hivyo, kasi ya damu katika vali ya aota kwa kawaida hupimwa vizuri zaidi kutokea kifuani. Basi vipimo hivi hukamilishana.

Maandalizi

Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa 6 hivi, hupuliziwa dawa ya ganzi kooni na mara nyingi huchomwa sindano ya kumtuliza. Akichomwa, asiendeshe gari siku hiyo. Koo laweza kuuma kidogo. Umio kuchanika ni nadra sana. Mweleze daktari mapema ikiwa unameza kwa shida, umewahi kutapika damu, au una ugonjwa wa ini au kichocho cha muda mrefu, kwani mishipa ya umio huenda imevimba. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache bila ushauri wake.

Aliyepangiwa kipimo hiki mwezi wa Ramadhani asikiahirishe kimya kimya. Azungumze na daktari wake, na kuhusu funga yake amuulize mwanachuoni.

Muulize daktari swali moja: "Kipimo hiki cha pili kitajibu nini ambacho cha kwanza hakikujibu?" Ni haki yako kujua.