TUSIOSHE INJINI KWA PETROLI



Sisi wa karakana na mashambani tunajua jinsi grisi inavyoganda juu ya injini ya lori au trekta. Wengi wetu tumezoea kuchovya brashi katika kopo la petroli na kusugua, kazini na hata nyumbani siku ya Jumapili. Desturi hii tuiache.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukute jiko la mkaa, sigara au cheche ya betri, na moto hurudi pale tulipo. Tena ndani ya petroli mna benzini, sumu ipitayo kwa pumzi na kwa ngozi, nayo huleta saratani ya damu. Ndiyo maana mwaka 1971 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba namba 136 juu ya benzini.

Njia ya salama ni hii. Injini ipoe kabisa. Tufungue waya wa hasi wa betri. Tufunike jenereta, distribyuta na mdomo wa kuingizia hewa kwa nailoni. Tusugue kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga, tusuuze polepole, tukaushe kwa matambara. Maji machafu tusiyamwage karibu na kisima wala mto.

Sabuni, brashi na glavu ni vifaa vya kazi, na mwajiri ndiye wa kuvitoa. Msimamizi akikupa kopo la petroli, mwite mjumbe wa chama kabla hujachovya brashi.