Wizi wa Simu na Madhara ya Kunyamaza



Mwezi uliopita, baada ya darsa ya alasiri ya akina mama, mmoja wao alibaki nyuma hadi wenziwe walipokwisha kuondoka. Alikuja na swali la fiqhi: je, yajuzu mke kuuza bangili za mahari yake bila ya kumwarifu mumewe? Tulimjibu kwamba mahari ni mali yake mwenyewe, na kuiuza ni haki yake. Kisha tukamuuliza, "Lakini kuna nini, dada yangu?" Hapo akaangua kilio.

Mama huyu ndiye mweka hazina wa mchezo wa wanawake ishirini mtaani kwake. Siku moja kabla ya mwenye zamu kukabidhiwa fedha zake, shilingi 40,000, uliingia ujumbe simuni mwake kwamba ametumiwa shilingi 3,500 kwa M-Pesa. Punde simu ikalia. Kijana mwenye sauti ya adabu akamsihi: "Mama, nimekosea nambari. Hizo ni pesa za dawa za mamangu, nakuomba unirudishie." Naye, kwa kuwa amelelewa kutokula cha mtu, akamrudishia papo hapo. Hakuangalia salio lake. Ujumbe ule ulikuwa wa bandia, na alichokirudisha kilitoka katika fedha za mchezo.

Haikupita robo saa, akapigiwa na mtu wa pili aliyejiita ofisa wa huduma. Akamwambia kwamba laini yake inakaribia kufungwa kwa sababu ya ule muamala, na kwamba asikate simu wala asimwambie mtu. Akamuuliza salio lake, eti alilinganishe na lililo katika kompyuta. Kisha akamwelekeza hatua kwa hatua: aandike nambari hii, halafu "msimbo wa uhakiki" 36300, halafu nambari yake ya siri. Haikumpitikia mama yetu kwamba msimbo ule ndio uliokuwa kiasi cha fedha.

Alikopa kwa jirani ili mchezo usivunjike, na sasa deni lamkaba. "Kwa nini hukumwambia mumeo?" tukamuuliza. Akasema, "Sheikh, ataniona mjinga."

Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mama huyu hakuibiwa kwa ujinga. Aliibiwa kupitia wema wake, na yaliyomzidishia dhiki baada ya wizi ni kunyamaza kwake.

Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wetu, na palipo na mkoba hapakosi mwizi. Hila zao ni nyingi, lakini aghalabu hurudi kwenye mlango mmoja. Yule anayependa kusaidia huambiwa kwamba mwanawe ameanguka shuleni, yuko hospitalini, na daktari angoja malipo. Mwenye shughuli nyingi hutumiwa neno fupi, "Ile pesa tuma kwa nambari hii," naye akadhani ni mwenye nyumba au mwalimu. Kijana asiye na kazi huahidiwa nafasi Saudia au Qatar, mradi alipe kwanza "ada ya faili". Mzee anayetamani kuzuru Makka huuziwa safari ya Umra kwa bei isiyokuwapo sokoni. Na katika makundi yetu ya WhatsApp, mtu huombwa kwa upole ampe mwenzake tarakimu sita zilizoingia simuni mwake "kwa makosa". Akizitoa, akaunti yake yatekwa, na jamaa zake wote waanza kuombwa mikopo kwa jina lake.

Ukizitazama hila hizi zote, utaziona zina alama mbili zisizofichika. Ya kwanza ni haraka: sasa hivi, kabla laini haijafungwa, kabla mtoto hajazidiwa. Ya pili ni siri: usikate, usimwambie mtu. Mwizi ajua kwamba ukipata dakika tano za kuvuta pumzi na mtu mmoja wa kumuuliza, hana lake tena. Dini yetu imetufundisha tabayyun, yaani kuhakikisha habari kabla ya kuitenda, na Suratul Hujurat ina amri hiyo waziwazi. Amri hiyo yafika hata kwenye ujumbe wa simu.

Basi tushike haya majumbani mwetu. Ujumbe wa kweli wa malipo huingia kwa jina MPESA, hauingii kwa nambari ya mtu. Hata hivyo, usitegemee ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe. Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000, na hata apigaye awe nani, hakuna ofisa wa haki atakayekuuliza nambari yako ya siri. Ukiambiwa kwamba mtoto ni mgonjwa, kata simu, kisha upige wewe kwa nambari ya mwalimu uliyonayo. Ukitumiwa ujumbe wa ulaghai, upeleke kwa 333 bila malipo. Ukiwa umetuma fedha pasipostahili, upeleke upesi ujumbe wa muamala kwa 456 uombe zirudishwe, kabla mwizi hajazitoa. Kisha piga ripoti kituo cha polisi, kwani sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mitandaoni yawahusu walaghai hawa.

Huenda dada zetu wakauliza: je, fedha zikiwa kweli zimeingia kwa makosa? Hizo ni amana, wala si halali kwako. Lakini kuirejesha amana hakukulazimu uzitume wewe kwa mkono wako kwa mtu usiyemjua. Mwambie mtumaji aombe marejesho kwa kampuni, nawe usiziguse fedha hizo hadi zirudi zilikotoka. Kwa njia hiyo umetimiza amana na umejilinda.

Lililobaki latuhusu sisi waume, baba na kaka. Mke au mama mzazi akija kutwambia kwamba ametapeliwa, neno letu la kwanza lisiwe "Ulikuwa wapi akili zako?" Mwenye kukaripiwa leo atanyamaza kesho, na mwizi hana msaidizi mkubwa kuliko kinywa kilichofungwa kwa hofu ya aibu. Tumuulize kwanza: ni saa ngapi, na je, ujumbe umeshaupeleka 456? Dakika zile ni za kuokoa mali, wala si za kulaumiana. Na tuweke ada nyumbani kwamba hakuna atakayetuma fedha kwa sababu ya simu ya ghafla kabla ya kumwambia mwenziwe mmoja.

Mama yule tulimshauri asiuze bangili kabla ya kuzungumza na mumewe. Alirudi juma lililofuata. Alisema mumewe alinyamaza kitambo, kisha akaingia chumbani akatoka na karatasi ya "mkataba" wa kazi ya Qatar. Mwaka jana naye alikuwa amelipa shilingi 15,000 kwa wakala ambaye simu yake haikupatikana tena, na hakumwambia mtu. Deni la jirani sasa walilipa pamoja, kidogo kidogo, na bangili zingali mkononi mwa mwenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi mali zetu kwa kheri, na azifungue ndimi zetu sisi kwa sisi majumbani. Wabillahi tawfiq.