Kura ya Aliyefungwa na Kiti cha Mheshimiwa



Baada ya darsa ya akina mama Alhamisi moja, mama mmoja alibaki nyuma hadi wenzake walipoondoka. Kisha akatuuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, mwanangu alifungwa mwaka na nusu kwa wizi wa simu. Sasa ametoka, anasali, anafanya kibarua. Majirani wamwambia asijisumbue kuchukua kura, ati mtu wa jela hana kura. Ni kweli?"

Tukamjibu: "Si kweli, mamangu." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Na mheshimiwa aliyehukumiwa kwa mali ya umma, mbona majirani hao hao wampikia biriani?"

Hayo ni maswali mawili, na majibu yake si mamoja.

Tuanze na sheria ya nchi. Ibara ya 83 ya Katiba ya 2010 yataka mpiga kura awe raia mtu mzima, mwenye akili timamu, ambaye hakuhukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyotangulia. Wizi wa simu haumo. Hata aliye ndani hakusahauliwa: mwaka 2010 mahakama iliwaruhusu wafungwa kushiriki kura ya maoni ya katiba hiyo, na katika uchaguzi wa 2017 waliosajiliwa magerezani walimpigia kura Rais.

Ama kiti, Ibara ya 99 humzuia kuwania ubunge aliye chini ya hukumu ya kifungo cha miezi 6 au zaidi, na pia aliyethibitika kuitumia vibaya ofisi ya umma. Lakini ibara hiyo hiyo yasema kizuizi hicho hakishiki mpaka njia zote za rufani ziishe. Mwenye uwezo wa kuwalipa mawakili aweza kukaa kitini miaka huku rufani yake ikijikokota. Kijana wa simu hakuwa na wakili hata mmoja, na leo akiomba kazi ya ubawabu huulizwa cheti cha tabia njema.

Sharia ya Mwenyezi Mungu yatufundisha nini? Katika Surat Nur, anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi hupigwa viboko 80 na ushahidi wake hukataliwa. Kisha aya ikawatoa waliotubu na kutengenea. Imam Abu Hanifa aliona kwamba ushahidi wa mtu huyo haukubaliwi tena hata akitubu. Imam Shafi, ambaye wengi wetu hapa Pwani twafuata madhehebu yake, aliona kwamba toba humrudishia. Wanazuoni wa madhehebu hayo wakaweka na muda wa kumwangalia: mwaka mmoja, misimu yote impitie, kaskazi na kusi, ili ijulikane kama amebadilika kweli. Na kura, kama wasemavyo maulamaa wengi wa zama zetu, ni ushahidi. Basi aliyetubu tusimzibe kinywa.

Uongozi una mlango mwingine. Abu Dharr (r.a.) alikuwa miongoni mwa wakweli wakubwa wa umma huu. Alipoomba kupewa kazi ya uongozi, Mtume (s.a.w.) alimkatalia, akamweleza kwamba yeye ni dhaifu na kwamba hiyo ni amana. Hakuwa na kosa lolote. Ikiwa mtu kama yeye alinyimwa cheo na hakudhulumiwa, vipi aliyekula mali ya umma adai kwamba amedhulumiwa akiambiwa angoje?

Toba nayo ina masharti: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Ikihusu haki ya mja, huongezeka la nne: kuirudisha haki kwa mwenyewe. Dawa za zahanati zilizoliwa zina wenyewe, nao ni akina mama waliojifungua bila dawa. Asiyerudisha hajamaliza toba yake, hata akigawa unga na leso kila Ramadhani.

Wako wasemao: je, Nabii Yusuf (a.s.) hakutoka gerezani akakabidhiwa hazina za Misri? Ndiyo, lakini alikuwa ameonewa. Na mfalme alipomwita, alikataa kutoka mpaka jambo lake lichunguzwe. Waliomsafisha ni wanawake wenyewe, akiwamo mke wa Azizi aliyemsingizia. Jela si doa kwa asiye na kosa. Lakini atakaye hazina hutangulia kuufungua mlango wa uchunguzi, hajifichi nyuma ya rufani.

Basi, mamangu, mshike mwanao mkono, achukue kitambulisho chake, muende naye kujisajili kabla ya uchaguzi wa 2027. Akitulia, watu wakamjua kwa mwendo mpya, hata uongozi mdogo wa mtaa tusimfungie milele. Na mheshimiwa akija kwenye baraza zenu, mumuulize mbele ya watu: ulichochukua, umekirudisha? Asipokuwa na jibu, biriani wale watoto.

Mwenyezi Mungu azikubali toba za vijana wetu, na atulinde na khiyana ya amana. Wallahu aalam.