Mtaji Usioonekana wa Shanga za Kimana

Mnunuzi anayechagua mkufu wa shanga sokoni Kimana, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, kwenye barabara ya kutoka Emali kwenda Loitokitok, hukadiria gharama ya shanga, waya na muda wa fundi. Kisichomo katika hesabu yake ni kikao: akina mama chini ya mgunga, huyu akitunga, yule akimbembeleza mtoto wa mwenzake, mwingine akikosoa mpangilio wa rangi. Wapo wanaoona kikao hicho ni porojo za kupitisha mchana. Hoja yangu ni kwamba raha hiyo ya kukaa pamoja na kupeana ndiyo mtaji wa kazi yenyewe.

Itazame kazi kwa karibu. Mkufu mpana wa Kimaasai hutungwa mzunguko baada ya mzunguko, shanga ndogo za kioo zikipitishwa kwenye waya mwembamba, na hapa na pale hutiwa kipande cha kuishika mistari isipishane. Zamani kipande hicho kilikuwa cha ngozi ya ng'ombe. Siku hizi mara nyingi ni plastiki. Kila mzunguko wa nje hudai shanga nyingi kuliko wa ndani, na hesabu ikipotea, mkufu hujikunja. Hesabu hiyo binti huipata kwa kuketi kando ya mama, shangazi na jirani. Shanga za kioo zilienea kwa biashara na Ulaya, hasa katika karne ya 19. Kabla yake zilitumika mbegu, mifupa, udongo na chuma. Malighafi ilibadilika, ufundi ukabaki, kwa kuwa ulikuwa mikononi mwa wengi.

Kupeana huku kuna mizizi. Wamaasai wana urafiki uitwao osotua: mtu huomba anapokuwa na shida ya kweli, na rafiki yake hutoa kadiri ya uwezo, bila kuandikiana deni. Mwanaanthropolojia Lee Cronk ameuchunguza kwa miaka mingi, na mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha majaribio ya kompyuta yaliyoonyesha kwamba mifugo ya wanaosaidiana kwa namna hiyo hudumu kuliko ya anayejitegemea peke yake. Utafiti ulihusu mifugo, lakini mantiki yake inafika hadi kwenye shanga. Ukame ulioanza mwaka 2020 uliua ng'ombe wengi Kajiado, na katika msimu kama huo, mama aliyewahi kumpa mwenzake shanga za kumalizia oda ana mlango wa kubisha hodi.

Mtu atauliza: wakigawana mitindo, si wote watauza kitu kimoja na bei ishuke? Jibu moja liko mbali, Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, Marekani, ambako wanawake weusi wameshona mablanketi ya viraka kwa vizazi. Mitindo yao ni ya jamii nzima, lakini kila fundi huipa mkono wake; mwaka 2002 kazi zao zilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, na tofauti ya fundi mmoja na mwingine ilikuwa wazi. Pingamizi la pili ni zito zaidi: urafiki haumzuii dalali kununua kwa bei ya kutupa. Ni kweli, hauwezi peke yake. Lakini anayeuza peke yake akiwa na njaa hukubali bei yoyote, ilhali wanaoaminiana wanaweza kuafikiana bei ya chini kabisa na kuishikilia, hasa wakiwa na chama chenye akiba, na sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi vya kijamii imewapa njia ya kutambulika rasmi. Kwa hiyo kaunti, shirika au mwenye duka anayetaka kuinua ushanga asianze kwa kumgawia kila mama kazi ya kufanyia nyumbani kwake. Oda akipe kikundi, na muda wa kukaa pamoja auhesabu ndani ya bei.