Kikombe Kimoja, Saa Nne: Mteja wa Laptopu Anataka Nini Kwako?

Majuzi nilikuwa kwa mama mmoja mwenye mkahawa mdogo Ngara, nikimsaidia kuanza kutumia tili yake. Meza zake ni sita. Tatu zilikuwa na vijana wa laptopu, kila mmoja na kikombe kilichokauka kitambo. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa niwafukuze?" Alikuwa ashaandika karatasi ya kubandika mlangoni: HAKUNA LAPTOPU.

Nilimwomba angoje kidogo. Kusema ukweli mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Mwaka niliomaliza chuo, barua zangu zote za kuomba kazi niliziandikia kwenye meza ya kona, nikinywa chai moja polepole kama dawa. Lakini sikumtetea kijana kwa huruma. Tulikaa tukapiga hesabu.

Kwanza stima, maana hiyo ndiyo humuuma kila mwenye mkahawa. Chaja nyingi za laptopu ni wati 65 hivi. Ikichomekwa saa 4, hiyo ni kama robo ya uniti. Hata ukihesabu uniti moja kwa shilingi 30, umemtolea mteja kama shilingi 8, na hapo tumechukulia kwamba chaja inavuta nguvu zake zote muda wote, kitu ambacho haifanyi. Wifi nayo, kama unalipa bei moja kwa mwezi, haipandi bili kwa sababu ya mtu mmoja zaidi. Kama unatumia bando, hapo ni hadithi nyingine: mkutano wa video unaweza kula GB 1 kwa saa.

Kinachokula pesa yako ni kiti, tena si kila saa. Tulifungua taarifa ya tili yake ya wiki tukaangalia malipo yanaingia saa ngapi. Kati ya saa 3 na saa 6 asubuhi, karibu hakuna. Yaani hao vijana walikuwa wamekalia viti ambavyo vingekuwa tupu. Msongamano wake ni saa 6 na nusu hadi saa 8 mchana, basi. Fanya hivyo na yako kabla ya kuandika tangazo lolote.

Sasa, mbona hanunui kikombe cha pili? Wengi hudhani ni ubahili. Wakati mwingine ni kweli, mfuko hauna kitu. Lakini mara nyingi mtu huyo hawezi kuinuka. Laptopu ndiyo kazi yake, ndiyo kodi yake ya nyumba. Akienda kaunta kupanga foleni, nani ataiangalia? Hata kwenda choo anafikiria mara mbili, anamwomba jirani asiyemjua, "Niangalilie hapo kidogo." Basi anavumilia njaa mpaka aondoke, halafu anaenda kula kwingine.

Mtu kama huyo mpelekee malipo mezani. Bandika stika kwenye kila meza yenye namba ya tili na jina la biashara kwa herufi kubwa, na mhudumu apite kila baada ya saa moja hivi aulize, "Nikuongezee?" Si kwa jicho la kufukuza, tafadhali. Kama mfumo wako unakuruhusu kutuma ombi la malipo kwa simu ya mteja, tuma. Yeye anahakikisha jina na kiasi, anaweka PIN, amemaliza bila kuinuka.

Stika zina hatari yake lakini. Tapeli anaweza kubandika namba yake juu ya yako, na pesa ziende kwake mchana kutwa. Kila asubuhi unapofuta meza, pitisha kidole juu ya stika uone kama kuna nyingine juu yake. Waambie wateja wasome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Na wewe usikubali malipo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja, kwa sababu meseji inaweza kuandikwa na yeyote. Subiri ile inayoingia kwenye simu ya mkahawa, na simu hiyo ikae kaunta, isiwe ya mhudumu anayeenda nayo nyumbani.

Jambo moja zaidi kuhusu masaa. Wako wanaofanyia kazi wateja wa Marekani. Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 au saa 11 jioni hapa kwetu, kutegemea majira ya kule. Hao huja jioni, wanataka kona isiyo na redio na wifi isiyokatika. Ukifunga saa 12, umewakosa.

Mama wa Ngara aligeuza ile karatasi yake. Upande wa pili aliandika: "Saa 6 na nusu hadi saa 8, meza kubwa ni za chakula. Kahawa mbili na mandazi, 250, kaa utakavyo." Chini yake, namba ya tili. Juzi alinipigia simu na shida mpya: soketi ziko mbili tu, na moja ni ya friji.