Ndege Ndogo Kando ya Ziwa: Gharama Zisizoonekana Siku ya Kununua

Bei ya kununulia ndege ndogo ndiyo huulizwa kwanza, lakini haielezi mengi kuhusu gharama za kuimiliki, kwa kuwa ndege humgharimu mwenyewe inapopumzika kama inavyomgharimu inaporuka. Kwa mfanyabiashara wa Butimba, jijini Mwanza, mwenye shughuli zake Bukoba, ng'ambo ya ziwa, mvuto wa chombo hicho unaeleweka, maana meli huvuka usiku kucha, ilhali Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne inayokwenda takriban kilomita 200 kwa saa, huweza kufika huko kwa muda wa kama saa moja.

Gharama iliyo rahisi kukadiria ni ya mafuta. Injini ya ndege hiyo hutumia zaidi ya lita 30 kwa saa, na kwa kawaida huhitaji avgas, yaani petroli maalumu ya ndege iliyotiwa rangi ya buluu, si Jet A-1, ambayo ni jamii ya mafuta ya taa na hutumiwa na ndege kubwa za abiria. Kabla ya safari rubani huchota mafuta kidogo kutoka kwenye tangi na kuyatia katika kikombe kinachopitisha mwanga, akakagua rangi yake na kuangalia kama kuna maji yaliyotuama chini.

Gharama inayowashtua wengi hasa ni ya injini. Mvuvi wa ziwani anaweza kuitumia mashine ya mtumbwi wake mpaka igome, kisha ikafunguliwa palepale ufukoni, lakini injini ya ndege haisubiriwi iharibike. Lycoming, kampuni inayotengeneza injini za Cessna 172 nyingi, hushauri injini ya aina hiyo ifunguliwe yote na kufanyiwa matengenezo makubwa ikifikisha saa 2,000 za kazi, au ikitimiza miaka 12 hata kama saa hizo hazijafika. Tuseme kazi hiyo inagharimu dola 30,000, kiasi ambacho leo hakitoshi mara nyingi: anayeruka saa 200 kwa mwaka hufikisha saa 2,000 katika miaka kumi, hivyo kila saa humdai akiba ya dola 15, lakini anayeruka saa 50 tu atakuwa na saa 600 baada ya miaka 12, na kila saa itamdai dola 50, kabla hajanunua lita moja ya mafuta.

Ukomo huo wa miaka una sababu ya msingi. Injini isiporuka, oili huchuruzika na kuacha vyuma vya ndani vitupu, unyevu ukatua juu yake na kutu ikaanza, na hewa ya kando ya ziwa haina uhaba wa unyevu. Kuiwasha kwa dakika chache uwanjani hakusaidii, kwani injini haipati joto la kutosha kuufukuza unyevu inaouzalisha yenyewe.

Juu ya hayo kuna ukaguzi wa kila mwaka wa fundi mwenye leseni, bima, ada za kuegesha na kutua, pamoja na cheti cha kuthibitisha kwamba ndege inafaa kuruka, kinachosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Vipuri huagizwa nje kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka thamani gharama hupanda.

Kwa hesabu hizo, mtu asiyetarajia kufikisha hata saa 100 kwa mwaka atafanya vyema kukodi ndege na rubani wake, au kuimiliki pamoja na wenzake watatu au wanne kwa mkataba ulioandikwa, unaotenga fedha za injini tangu safari ya kwanza. Anayeazimia kumiliki peke yake na apate kwanza, kwa maandishi, bei ya bima, nafasi ya kuegesha na fundi atakayeikagua ndege, kabla ya kumlipa muuzaji chochote.